Hawakukataa

Barua pepe ilikuwa na kurasa nne, na neno lililonitia adabu lilikuwa moja tu, ukurasa wa tatu, katikati ya aya ambayo mtu mwenye haraka angeiruka: "Members balked at the cost of the cold store."

Nami nilikuwa na haraka. Saa nne usiku, mvua ya masika inamwagika Mombasa, stima inakatika na kurudi, na mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi ameshanipigia mara tatu kuuliza wazungu wamesema nini. Mimi ni mfasiri. Kwa kawaida nalipwa kwa ukurasa, ila kikundi hiki kilikuwa kikinilipa kwa changu na tafi waliotoka majini alfajiri, malipo ambayo sikuyalalamikia hata siku moja. Walikuwa wameomba fedha kwa shirika moja la Marekani: injini ya boti, nyavu, na chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, ili wasilazimike kuuza kwa bei ya kutupa kila jua linapopanda.

Nikaandika: "Wajumbe walikataa gharama ya chumba cha baridi." Nikatuma kwa simu, nikalala.

Balk nililijua kama unavyomjua jirani mnayepishana ngazini. Mnasalimiana kila siku, na hujawahi kumuuliza jina. Popote nilipokutana nalo, mtu fulani alikuwa hakufanya jambo fulani, kwa hiyo nikaliweka fungu moja na refuse. Kamusi niliyokuwa nayo ilinimwagia maneno matatu kwa mkupuo, sita, goma, kataa, bila kuniambia lipi ni la wakati gani, nami nikachukua lililokuwa karibu na mkono.

Wavuvi si watu wa kukaa na neno wakilichambua. Bahari haiwapi nafasi hiyo. Asubuhi walikutana, wakaamua. Walikuwa wametoa arbuni ya kiwanja kidogo karibu na pale wanaposhushia samaki; wakamrudia mwenye kiwanja, naye akawarudishia nusu na nusu akaila. Fundi akaambiwa asije. Injini na nyavu zilikuwa zimekubaliwa, basi wakashukuru walichopata, wakarudi baharini.

Wiki ya kumi ikaja barua nyingine, fupi, ya upole. Tunasubiri hesabu mpya ya chumba cha baridi, mmefika wapi?

Niliisoma mara tatu. Nikafungua ile ya kwanza, nikashuka hadi ukurasa wa tatu, nikalitazama lile neno, nalo likanitazama. Kisha nikampigia mwenyekiti.

"Mwanangu," akasema baada ya kunisikiliza hadi mwisho, "si wewe uliyetwambia wamekataa?"

"Ni mimi, mzee."

"Sasa wasubiri nini kwa kitu walichokikataa?"

"Hawakukataa, mzee. Mimi ndiye niliyekataa kwa niaba yao."

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia akimwambia mtu wa pembeni apunguze sauti ya redio. Kisha akauliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Basi walifanya nini, ikiwa hawakukataa?"

Sikuwa na jibu.

*

Yule mama wa Marekani aliyeandika barua nilimpigia siku ya pili, nikaona aibu kumuuliza moja kwa moja maana ya neno lake mwenyewe, nikazungukazunguka. Akacheka, akanieleza kwa mchezo wa besiboli, ambao mimi siujui hata kwa kuutazama. Mrushaji wa mpira, alisema, akishaanza mwendo wa kurusha hana ruhusa ya kuukatisha njiani. Mkono umeshainuka, mwili umeshageuka, kisha anasimama: hiyo ndiyo balk. Adhabu yake ni kwamba kila mkimbiaji aliyeko kwenye kituo husogezwa kituo kimoja mbele. Akaongeza kwamba kabla ya kuingia kwenye mpira neno hilo lilikuwa la farasi: anakuja mbio mpaka kwenye ua anaotakiwa kuuruka, akifika pale anakita miguu.

Kwa farasi hapo ndipo nilipoamka. Farasi siwajui, lakini punda nawajua. Nimezaliwa Lamu.

Ami yangu, nduguye baba, alikuwa na punda wanne wa kubebea mchanga na mawe kutoka gatini kwenda kwenye majumba yanayojengwa. Lamu ya mji wa kale ina vichochoro ambavyo gari haliwezi hata kuviota, na mpaka leo mfuko wa saruji hupanda juu kwa mgongo wa punda. Likizo za shule nilikuwa nikifuata nyuma, fimbo mkononi, nikijiona mkubwa. Siku moja mtaro mmoja wa maji machafu ulikuwa umefunikwa kwa ubao mpya, mweupe. Punda wa mbele, jike lililopita njia ile kila siku ya Mungu, akafika pale akasimama. Shogi zimejaa mchanga pande zote mbili, nyuma yake punda watatu na watu wanaotaka kupita, yeye kainamisha kichwa anaunusa ubao.

Nikainua fimbo. Ami akaishika.

"Wataka kumpiga kwa nini?"

"Amekataa, ami."

"Hajakataa huyu. Angekataa angekataa gatini. Yuwauliza."

Akasubiri. Kisha akamleta mbele punda dume mzee ambaye hakuwa na habari na lolote duniani, akampitisha juu ya ubao, kwato zikalia ko, ko, ko. Jike likasikia, likavuka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa kahawa.

Angekataa angekataa gatini. Miaka ishirini na kitu baadaye, mbele ya kompyuta Mombasa, ndipo nilipoelewa kwamba ami alikuwa ameshanifasiria lile neno kabla sijakutana nalo. Kukataa unaweza kukufanya kutoka mbali, umeketi, hujainua mguu. Balk haifanyiki kutoka mbali. Lazima kwanza uwe umekuja. Wajumbe wale walikuwa wamekuja na ombi la wavuvi ukurasa kwa ukurasa, injini wamekubali, nyavu wamekubali, wakafika kwenye bei ya chumba cha baridi, wakaona ubao mweupe. Na mimi nikainua fimbo.

*

Kuna jambo jingine lililonikera zaidi nilipoligundua. Neno hili nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu, kihalisi kabisa, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Baada ya kidato cha nne nilipata kibarua cha miezi miwili kisiwani Pate, kwenye uchimbaji wa magofu. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo za udongo hadi kwenye chekeche na kuokota vigae. Wachimbaji wale hawachimbi shimo moja kubwa kama la choo. Wanagawa uwanja vipande vya mraba, na kati ya kipande na kipande wanaacha ukuta wa udongo ambao haukuguswa. Ukuta huo ndio ushahidi wao: ubavuni mwake unaziona tabaka zote, sakafu juu ya sakafu, majivu, mchanga, chokaa, kama mkate uliokatwa. Mtindo huo wa miraba unanasibishwa na Mwingereza Mortimer Wheeler, ambaye mwenyewe alipita pwani ya Tanganyika mwaka 1955 akashangazwa na wingi wa vigae vya kauri za Kichina.

Siku ya tatu nilikanyaga juu ya ule ukuta nikiwa na ndoo mbili. Mwanafunzi mmoja mgeni alinipigia ukelele uliowarusha kunguru. Nilichosikia ni "boki." Toka juu ya boki. Kuanzia siku hiyo sote vibarua tuliuita boki: usikanyage boki, pitia kule, boki imemeguka. Sikuwahi kuliona likiandikwa. Waingereza huliandika baulk, Wamarekani balk, na kuna wengi kote kuwili ambao hawaitamki ile l, kwa hiyo sikio langu halikuwa limekosea. Kosa lilikuwa la macho, ambayo hayakujua kwamba boki ya Pate na balk ya ukurasa wa tatu ni neno moja.

Nalo ni la shambani. Asili yake ni tuta, ukingo wa ardhi. Mkulima wa Uingereza ya kale alipolima kwa plau, palipobaki mstari wa ardhi usioguswa kati ya mfuo na mfuo, au palipoachwa makusudi kuwa mpaka, hapo paliitwa balk. Kufikia mwishoni mwa karne ya 14 neno limekwisha kuwa kitenzi: kulima ukaruka sehemu. Kutoka kuruka sehemu ya shamba likaenda kwenye kuruka jambo, kulipita bila kulishughulikia, kisha likamfikia mnyama anayesimama mbele ya kizuizi. Hata meza ya snuka ina mstari wake wa baulk, upande ule inakokaa mipira ya manjano, kijani na kahawia. Nimeutazama kwenye televisheni miaka mingi bila kuuliza unaitwaje.

Shamba, punda, udongo: vyote nilikuwa navyo nyumbani. Nilikosa tu kuviunganisha.

*

Kazi iliyobaki ilikuwa kuandika upya ile sentensi moja, nayo ilinichukua usiku mzima.

Kusita ndilo la kwanza kuja, na si baya. Lakini kusita kunaweza kuwa kwa ndani kabisa, moyoni, hakuna aliyeona. Mtu husita kusema, husita kwa haya, husita hata kwa adabu. Siku hizi pia limechoshwa na matangazo: kila kampuni inatuambia "usisite kuwasiliana nasi," Kiingereza kilichovaa kanzu. Bibi yangu angeuliza, nani amesita? Tupigie wakati wowote, yatosha.

Kugoma kuna ukaidi ninaoupenda. Punda hugoma, injini hugoma, na hata yule farasi wa kwenye ua nitasema aligoma kuruka. Lakini ukimpeleka mgomo mjumbe wa kamati unamvalisha kitambaa chekundu na kumpa bango. Kusuasua ni kwa mradi unaokwenda nusu nusu, nao wajumbe walikuwa wamesimama kabisa. Kwa shingo upande haifai, maana anayefanya kwa shingo upande amefanya. Kalipa, katia saini, uso tu ndio umegeuka. Kuchelea kuna hofu ya matokeo ambayo kwenye barua haikuwamo.

(Nilijikuta nikicheka peke yangu. Waingereza kutotaka kwao wamekuazima kwa farasi: balk, jib, shy, yote yalipita zizini. Sisi tumekuweka mwilini mwetu wenyewe. Shingo inageuka, moyo unakuwa mzito, miguu inavutwa.)

Nilipochoka nikalikumbuka gota. Kwetu mtu hugota: anakwenda, anakwenda, kisha anafika pahali pa kushindwa kuendelea. Jahazi hugota, hesabu hugota, hata mwimbaji hugota kwenye ubeti. Halisemi kama ataendelea au atarudi. Nikaandika: "Wajumbe walipofika kwenye bei ya chumba cha baridi waligota. Bei imewashtua, lakini mlango hawajaufunga." Maneno kumi na manne ya Kiswahili dhidi ya tisa ya Kiingereza, na matano ya mwisho nimeyaongeza kwa hofu yangu mwenyewe. Mfasiri mwingine atasema nimefafanua badala ya kufasiri. Na aseme. Yeye hakula nusu ya arbuni ya watu.

Maana kuna jambo ambalo kamusi haitalisema: kukataa ya Kiswahili cha pwani ni nzito kuliko refuse ya Kiingereza. Kwetu ni nadra mtu kukataa. Ukimwomba kitu asichotaka kukupa atakwambia inshallah, atakwambia tutaangalia, ataulizia afya ya mamako. Anayesema "nimekataa" amevunja na adabu pia, na ukiletewa habari kwamba fulani kakataa huendi tena kugonga. Ndiyo sababu wavuvi wale hawakuuliza wala hawakubembeleza. Nilikuwa nimewaletea neno ambalo kwa desturi yao halina la pili.

Tangu hapo nimekuwa nikilivizia. Nimeona kwamba karibu kila mara hufuatwa na at, kisha kitu chenyewe au tendo lenyewe: bei, sharti, kutia saini, kulipa. Mwanafunzi wetu hupenda kuandika balked to pay, kwa sababu "alisita kulipa" ndivyo inavyotembea kichwani, na mwalimu atalipiga mstari. Ni balked at paying. Hiyo at ndiyo ule ubao juu ya mtaro. Inakuonyesha mnyama alisimama mbele ya nini, na ukiipoteza katika tafsiri umepoteza nusu ya habari. Ndiyo maana siku hizi natafuta njia ya kuanza na kizuizi: "alipopewa kalamu atie saini, akasita." Ile -ka- yetu inafanya kazi nzuri hapo kuliko kitenzi chochote, kwa kuwa inamfikisha mtu kwanza ndipo inamsimamisha.

Na lina upande wa nyuma ambao ungenitia shimoni tena kama nisingeshtuka mapema. Mtu anaweza kusimama mwenyewe, na pia anaweza kusimamishwa. Ukisoma kwamba adui was balked of his prey, huyo hakusita hata nukta moja. Alikuwa anataka kwa meno yote, akanyang'anywa tonge mdomoni. Matumizi hayo si ya kila siku, yako zaidi kwenye vitabu vya zamani, lakini mwaka jana nilikutana nayo kwenye hati ya historia niliyopewa, na kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuandika "adui alisita."

Ile hati niliirudia mara mbili kabla ya kuituma.

*

Wavuvi walipeleka hesabu mpya. Chumba cha zege kiliachwa. Badala yake waliomba masanduku makubwa ya barafu, yale yenye kuta nene, na toroli mbili za kuyasukuma, na mama yule akajibu ndani ya siku tisa kwamba sawa. Kiwanja hakikurudi, mwenyewe alishamuuzia mtu mwingine, na sasa pana kibanda cha M-Pesa ambacho wavuvi haohao ndio wateja wake wakubwa. Ile nusu ya arbuni nilijaribu kuilipa kutoka mfukoni. Mwenyekiti akanipa funzo la pili la kisa kile: alichukua pesa, akazihesabu, akanirudishia nusu. "Nusu kosa lako," akasema, "nusu letu. Tungeuliza."

Nilikuwa nimemweleza hadithi yote, punda, boki, mpira wa Marekani, na naona ilimkaa. Yeye neno hilo kaliona kwenye maandishi tu, kwa hiyo hulitamka kama lilivyoandikwa, na kulinyambua hamwombi mtu ruhusa. Kwenye kundi la simu la kikundi wameshalizoea. Injini imebalki karibu na mwamba. Mke wangu amebalki kwenye ada ya shule. Juzi mmoja aliandika kwamba pweza amebalki mlangoni mwa dema, na sote tukamwona yule pweza, mikono miwili ndani, sita nje.

Mwezi uliopita mwenyekiti alinipigia. Wanataka ombi jipya, kurasa kumi na mbili, safari hii kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Nikamwambia mzee, samaki nashukuru, lakini mwanangu wa kwanza anaingia sekondari, safari hii tuongee kwa ukurasa. Nikamtajia bei.

Kimya. Nikasikia mawimbi, na mtu anayepiga msumari kwenye ubao.

"Mzee? Umekataa?"

"Sijakataa, mwanangu," akasema. "Nimebalki. Hebu nipitishie punda mwingine mbele."